Moyo wa Nyangumi: jinsi ya kuitafuta galaksi ya M77 ukiwa Afrika Mashariki

Tulimalize jambo moja kabla hujatoa darubini nje: mikono hutaiona. Picha za M77 zenye mikono ya buluu iliyojikunja kama gamba la konokono zimepigwa na kamera zilizokaa wazi kwa muda mrefu, au na darubini ya Hubble iliyo juu ya hewa. Jicho la binadamu halina ghala la kuwekea mwanga. Hata huko Ireland, katikati ya karne ya 19, Lord Rosse alihitaji kioo chenye upana wa mita 1.8 ndipo akaiingiza galaksi hii katika orodha yake ya mawingu ya angani yenye umbo la kujikunja. Wewe na mimi tutaona kidoa cha kijivu, cha mviringo, mfano wa alama ya pumzi kwenye kioo, na katikati yake kitone chenye nuru kali kuliko inavyostahili.

Wengi wakifika hapo hukunja uso na kuigeuza darubini kwenye Mshtarii. Nakuomba ubaki, maana kile kitone ndicho tulichokifuata. M77 ndiyo galaksi ambayo wanaanga wameitumia kuliko karibu zote kujifunza jinsi shimo jeusi linavyokula, na ndani ya lenzi yako kuna njia ya kuona moshi wa jiko hilo, ijapokuwa moto wenyewe umefichwa.

Kiti cha mbele

Sisi wa ukanda huu tumezoea kusoma vitabu vya nyota vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini, kisha tukageuza kila kitu kichwani. Kwa M77 huna haja. Galaksi hii imekaa juu ya ikweta ya anga kwa tofauti ndogo mno, isiyofika dakika moja ya nyuzi. Ukiwa Nanyuki, pale wasafiri wanapopiga picha kwenye kibao cha ikweta, M77 hukupita utosini kabisa. Mwanza hupita nyuzi mbili na nusu kaskazini ya utosi, Nairobi nyuzi moja na kidogo, Dar es Salaam karibu saba. Mtu wa London haipati juu zaidi ya nyuzi 39 kutoka upeo wa macho, na hapo mwanga wake umeshapita kwenye hewa nyingi yenye vumbi na unyevu.

Kiti cha mbele kina adha yake. Darubini nyingi tunazoweza kuzimudu ni za mtindo wa Dobson: bomba limekaa kwenye sanduku la mbao, linapanda na kushuka, linazunguka kulia na kushoto kama mzinga wa ngomeni. Likielekea utosini hasa, kuzungusha kulia au kushoto hakusaidii kitu, nyota zinajizungusha tu papo hapo mbele ya jicho lako. Utasukuma, utavuta, mwisho utalaumu fundi. Dawa yake ni saa. Itazame M77 saa moja na nusu kabla haijafika utosini au saa moja na nusu baada ya kupita. Itakuwa imeinama kiasi cha nyuzi 22, bado iko juu vizuri, na darubini inakutii.

Kama yako ni ya stendi ya ikweta, ile yenye uzito wa kusawazishia na mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, ujue kwamba kwetu ncha hiyo iko kwenye upeo wa macho, hivyo mhimili unalala karibu na ardhi. Stendi nyingi hazikutengenezwa kulala kiasi hicho, na uzito ule hugonga miguu ya stendi. Ninazo alama za kugongwa huko kwenye rangi. Jaribu kwanza mchana, bila haraka.

Lini

Mwanzoni mwa Novemba M77 hufika utosini baada ya saa sita usiku. Siku hadi siku hutangulia kwa dakika nne hivi, kwa hiyo katikati ya Desemba inafika kama saa tatu na nusu usiku kwa watu wa Nairobi. Tarehe 1 Januari ni saa mbili na nusu kwa Nairobi, dakika kumi mapema kwa Dar es Salaam, na saa tatu kasorobo kwa Mwanza. Februari ikiingia, giza linapotanda M77 imeshavuka kwenda magharibi, lakini bado iko juu. Machi unaifukuzia.

Kwa hesabu ya anga Novemba na Desemba ndiyo miezi yenyewe, ila hesabu ya anga haijui vuli. Nimepoteza Desemba nzima mbili nikitazama mawingu yakipita na nyota moja moja zikichungulia. Siku hizi naweka nguvu kwenye Januari, kaskazi ikishavuma na mbingu imekauka. Katikati ya Januari giza kamili huingia saa mbili na dakika chache, M77 ikiwa imeshapita utosi bila kwenda mbali. Huo ndio wakati wako.

Halafu mwezi. Galaksi haishindani na mbalamwezi, ikishindana inashindwa. Kama unaishi kando ya Ziwa Victoria huhitaji kalenda: tazama wavuvi wa dagaa. Taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwaka, kwa hiyo huingia majini siku za giza na kupumzika mwezi ukipevuka. Ukiona mitumbwi inapakiwa taa jioni, nawe pakia darubini. Usiku wake ziwa litajaa mataa kama mji uliozaliwa magharibi, lakini mataa hayo yako chini kwenye upeo, na tunachokitafuta kiko juu ya kichwa.

Chombo

Maduka huuza darubini kwa kuandika kwenye boksi idadi ya mara zinazokuza. Ya kwanza niliyonunua iliandikwa mara 525, na duka lilinihakikishia kwamba kwa kifaa hicho nitaona pete za Zohali kama sahani. Kwa mara 525 niliona giza lenye kutetemeka. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kioo kina upana gani? Upana ndio kikapu cha kuvunia mwanga. Milimita 114 inaonyesha M77 kama kidoa chenye kitone. Milimita 150 inatenganisha kitone na ukungu unaokizunguka. Kwa milimita 200, penye giza zuri, unaanza kuona tabaka tatu: kitone, duara angavu kukizunguka, na ukungu wa nje usiojua unaishia wapi. Darubini ya mikono ya 10x50 inaweza kukuonyesha kitu pale mahali ukiwa kijijini kwenye giza la kweli, lakini kitafanana na nyota hafifu iliyopakwa mafuta, na itakubidi uijue ramani vizuri ili uamini.

Hapa nitatumia mfano wa darubini ya milimita 200 yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,200, maana ndiyo ninayotumia. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 25, inakuza mara 48 na kukuonyesha kipande cha mbingu chenye upana wa nyuzi moja hivi, yaani mara mbili ya upana wa Mwezi. Shika hilo, tutalihitaji.

Tochi ifunikwe kwa plastiki nyekundu. Simu iwe mfukoni na ibaki humo, maana macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na ujumbe mmoja tu hukurudisha mwanzo. Mbele ya bomba funga kipande cha sponji ya godoro kirefuke kidogo kupita mdomo wake, kisaidie kuzuia umande. Beba stuli. Shingo yako itakushukuru.

Njia

Anza na Kilimia, kile kishada cha nyota kilichowapa wazee wetu kalenda ya kulima. Hakuna asiyekijua, na asiyekijua ataonyeshwa na bibi yake. Nyosha mkono mbele, fungua kiganja, pima shibiri moja kutoka Kilimia kwenda kusini, ukiegemea magharibi kidogo. Mwisho wa shibiri, ongeza kama vidole viwili, utakuta nyota yenye wekundu, peke yake kwenye eneo lisilo na nyota kubwa. Hiyo ni Menkar, jina lililotoka kwenye Kiarabu, pua ya mnyama. Mnyama mwenyewe ni Nyangumi, kundinyota kubwa na hafifu.

Kutoka Menkar nenda magharibi upana wa vidole vitatu vya katikati, mkono ukiwa umenyooka. Unafika kwenye nyota ya wastani, Gamma ya Nyangumi. Kutoka hapo shuka kusini vidole viwili ufike kwenye nyota hafifu zaidi, Delta. Kama Delta huioni kwa macho matupu, funga mizigo urudi nyumbani au uende mbali zaidi na mji. Simaanishi kwamba Delta ni ngumu kuipata kwa kidarubini cha kulengea. Ila mbingu inayoficha Delta itaumeza na ukungu wa M77, ubaki na kitone kisicho na maana.

Tahadhari kuhusu jirani mmoja. Nyuzi sita hivi magharibi kusini ya Delta inakaa Mira, nyota ambayo Mjerumani David Fabricius aliiandika mwaka 1596 kwamba ilikuwepo kisha ikatoweka. Huongezeka na kufifia kwa mzunguko wa siku 332 hivi. Miaka mingine utakuta nyota nyekundu inayoonekana waziwazi mahali ambapo mwaka jana palikuwa patupu, na ramani ya njia uliyoizoea itakuchanganya. Mimi nilimfuata Mira usiku mzima mara moja nikidhani nimelenga Delta. Siku hiyo sikuona galaksi yoyote.

Sasa hila ambayo inafanya kazi hasa kwa M77, na hapa ndipo ule upana wa nyuzi moja unapotufaa. Weka Delta katikati ya lenzi. Ondoa mikono. Usisukume chochote. Dunia ikizunguka, Delta itasogea magharibi na kutoka nje ya lenzi, na nyota za mashariki zitaingia zenyewe. M77 iko mashariki ya Delta kwa dakika tatu na sekunde kumi hivi za mzunguko, na kusini yake kwa theluthi moja ya nyuzi. Maana yake, ukikaa kimya dakika tatu, galaksi itakuja yenyewe, ikipita katikati kidogo upande wa kusini, na itakaa mbele yako kama dakika moja na nusu nyingine kabla haijatoka. Kujua kusini ni wapi kwenye lenzi, ambako mara nyingi kila kitu kimegeuzwa, sukuma bomba kidogo kuelekea Kilimia kisha lirudishe: ukingo ambao nyota mpya ziliingilia ni kaskazini, wa pili ni kusini.

Dakika tatu gizani ni ndefu. Hesabu, au mwambie aliye nawe ahesabu.

Kutazama

Itakapoingia, usiikodolee. Katikati ya jicho kumejaa chembe za kuona rangi, zinazohitaji mwanga mwingi, na zile za gizani ziko pembeni. Elekeza jicho kwenye ukingo wa lenzi lakini akili ibaki kwenye galaksi. Ukungu utafumuka kama maziwa kwenye chai, na ukiuangalia moja kwa moja utarudi ndani. Rudia hivyo mara kadhaa. Gusa bomba kwa kidole ili litetemeke kidogo, maana jicho hugundua kinachotikisika kabla ya kilichotulia.

Utaona nyota hafifu imekaa karibu mno na kiini, upande wa mashariki. Mara ya kwanza utadhani M77 ina mioyo miwili. Nyota hiyo iko ndani ya galaksi yetu, jirani wa karibu anayejitokeza mbele ya nyumba ya mbali, na ni kipimo kizuri. Linganisha: nyota ni ncha ya sindano, kiini cha M77 hakikubali kuwa ncha. Badilisha lenzi, weka ya milimita 10 inayokuza mara 120, na tofauti itakuwa wazi zaidi. Kitone kinavimba. Nyota haivimbi.

Hapo ndipo pa kukaa. Nilipokuwa Ukerewe, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mtumbwi alikuja kutazama. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka jicho. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiki kidoa ndicho unachokesha nacho?" Nikasema ndicho. Akatazama tena. "Katikati pana taa." Hakuna kitabu kilichomwambia. Watu wazima wenye digrii huniuliza mikono iko wapi, na yeye aliyezoea kusoma mwanga wa mbali juu ya maji akaona taa.

Taa hiyo ni nini

Pierre Méchain, Mfaransa, ndiye aliyeipata galaksi hii mwezi Oktoba 1780, na mwezi Desemba mwaka huohuo Charles Messier akaiweka ya 77 katika orodha yake, akiiandika kama kishada cha nyota chenye ukungu. Hakuna aliyejua galaksi ni nini wakati huo. Kimya kilivunjwa mwaka 1908, Edward Fath alipopitisha mwanga wake kwenye prizimu huko Lick, California. Mwanga wa nyota nyingi zilizochanganyika hutoka kama upinde wa mvua wenye mistari ya giza. Hapa kulikuwa na mistari inayong'aa, mfano wa gesi iliyochomwa. Mwaka 1943 Carl Seyfert alikusanya galaksi sita za namna hii, M77 ikiwemo kwa jina lake jingine, NGC 1068, akaonyesha kwamba mistari yao imepanuka. Mstari ukipanuka, maana yake gesi inakimbia, nyingine ikija kwetu nyingine ikituacha, kwa kasi za mamia na maelfu ya kilomita kwa sekunde. Galaksi za aina hiyo hadi leo huitwa za Seyfert.

Kitu gani kinaikimbiza gesi hivyo? Shimo jeusi lenye uzito wa Jua karibu mara milioni 15. Letu, katikati ya Njia Nyeupe, lina milioni nne na ushei, na kwa sasa limelala na njaa. La M77 lina chakula. Gesi ikizunguka kuelekea shimoni husuguana, hupata joto kali, na hung'aa kabla haijazama.

Ila wanaanga walikuwa na fumbo. Seyfert nyingine zilionyesha mistari mipana mno, dalili ya gesi iliyo karibu sana na shimo. M77 ilionyesha iliyo myembamba kwa kulinganisha na hiyo. Je, ni wanyama wawili tofauti? Fikiria jikoni jioni, nyumba ya udongo, moto umewashwa nyuma ya ukuta wa jiko, nawe umesimama uani. Moto huuoni. Lakini moshi unaopanda juu ya ukuta una wekundu, kwa sababu mwanga wa moto umeugonga ukarudi kwako. Ukiuchunguza wekundu wa moshi, utajua moto ulivyo bila kuingia ndani. Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller walifanya hivyo kwa M77. Walichuja mwanga uliogonga ukarudi, ambao mitetemo yake huelekea upande mmoja kuliko mwingine, na ndani yake wakaikuta mistari mipana. Moto ulikuwepo muda wote. Ulizungukwa na ukuta mnene wa vumbi na gesi, mfano wa kitumbua kikubwa chenye tundu, nasi tumeketi ubavuni. Galaksi za mistari mipana ni zile ambazo tunazichungulia kupitia tundu. Mnyama ni mmoja, tofauti ni mahali ulipokaa. Mwaka 2022 darubini za Ulaya zilizounganishwa huko Chile zilichora vumbi hilo kwa undani, na shimo likakutwa limejificha nyuma ya ukanda wake mnene.

Kwa hiyo taa ya mzee wa Ukerewe siyo moto wenyewe. Ni moshi uliomulikwa, gesi inayowaka nje ya ukuta, na pamoja nayo nyota changa nyingi zinazozaliwa kwa kasi kuzunguka kiini. Ukiirudia lenzi ukiwa na hilo akilini, kitone kinabadilika, ijapokuwa jicho ni lilelile.

Kama una kamera na kipande cha kioo chenye mistari midogo ya kutawanya mwanga, ambacho wapenzi wa nyota hukifunga mbele ya kamera, jaribu kukielekeza kwenye kiini. Utapata ukanda wa rangi, na ndani yake uvimbe kwenye kijani, karibu na nanomita 501, wa oksijeni. Utaukuta umesogea kidogo kuelekea wekundu, kwa sababu galaksi inatuacha kwa kilomita 1,100 na ushei kwa sekunde. Fath alikuwa na darubini ya mlimani. Wewe uko uani kwa mama yako.

Na kuna kitu kinachotoka pale ambacho ukuta haukizuii. Huko Ncha ya Kusini wamezamisha vihisio zaidi ya 5,000 ndani ya kilomita moja ya ujazo ya barafu, mtambo unaoitwa IceCube, kunasa nyutrino, chembe zinazopita kwenye mwamba, sayari na mwili wako kana kwamba hamna kitu. Mwezi Novemba 2022 walitangaza kwamba katika takwimu za karibu miaka kumi wamepata ziada ya nyutrino takriban 79 kutoka upande wa M77. Sabini na tisa. Idadi inaweza kuandikwa kwenye daftari la duka, lakini ni ushahidi mzito kuliko mwingine waliokuwa nao kutoka galaksi ya aina hii. Lililonichekesha ni hili: kwa sababu M77 iko kwenye ikweta ya anga, ukiwa Ncha ya Kusini huiona ikizunguka upeo wa macho bila kuchomoza wala kuzama, mwaka mzima. Wao inawatembea miguuni, sisi inatupita utosini.

Mwanga unaouona uliondoka huko kama miaka milioni 45 iliyopita. Kilimanjaro haukuwepo. Na nyangumi wa wakati huo, kwa kuwa tuko kwenye kundinyota lao, bado walikuwa na miguu ya nyuma.

Ukishapata

Usiondoke haraka. Nusu nyuzi kaskazini yake kuna galaksi nyingine, NGC 1055, iliyolala kiubavu, hafifu sana. Katika ile hila ya kusubiri, inapita dakika moja kabla ya M77, upande wa pili wa lenzi. Kwa milimita 200 na giza zuri utaona mchirizi usio na moyo wa kung'aa. Baada ya kuiona hiyo, rudi kwa M77, na utaelewa ni kitu gani hasa jicho lilikuwa likikuonyesha.

Ukikosa msimu kabisa, mwezi Aprili na Mei jaribu NGC 4151 upande wa kaskazini, ambayo Seyfert aliiweka katika orodha hiyohiyo na ambayo kiini chake tunakiona bila ukuta mzito, hata hubadilika nuru mwaka hadi mwaka. Ila Aprili na Mei ni masika, na simlaumu yeyote atakayesubiri Januari.

Chora. Duara kwa sarafu ya shilingi mia mbili kwenye daftari, kitone, ukungu, nyota ya jirani, mshale wa magharibi ambako vitu vilikuwa vikitoroka. Andika saa, hali ya mbingu, na lenzi. Usifungue picha ya Hubble mpaka mchoro ukauke, maana ukishaiona picha, mkono wako utachora mikono ambayo jicho halikuiona. Mchoro wangu wa Ukerewe una mistari mitatu chini yake, kwa penseli, mmoja umefutika kwa umande: "Mara 120. Moyo umevimba, nyota ya mashariki haijavimba. Saa nne kasoro, mtumbwi wa mzee umeondoka, wingu linakuja kutoka ziwani."